Kalenda ya Mwenye Ghala

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili nisitarajiwe ushujaa. Woga nimeurithi kwa mama, aliyetolewa Unguja mwaka 1964 akiwa mtoto wa miaka saba, kabebwa mgongoni, hata kandambili hakuvaa. Mimi nilizaliwa Jeddah, nikakulia mtaa wa Bani Malik, lakini kuzaliwa si karatasi. Ikama yangu, kibali cha kuishi, ilikuwa mkononi mwa kafili, mwajiri aliyenidhamini, na ya mama ilining'inia kwenye yangu. Nikifukuzwa kazi, tunaondoka sote wawili. Kwenda wapi, hilo hatukuwa tukiulizana.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kompyuta katika ofisi ya mizigo karibu na Bandari ya Jeddah. Wakubwa walikaa Riyadh. Tuliagiza vipuri vya mashine za hospitali kwa mzee mmoja mwenye ghala New York, na mwaka ule mara mbili oda zetu zilimkuta amefunga, meli ikaondoka bila mzigo. Bosi wetu wa Jeddah aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "Mara ya tatu, halas, huna kazi."

Nikazichunguza siku alizofunga. Zilihama mwaka hadi mwaka kama Ramadhani inavyohama, ila hizi zilikwenda zikarudi. Kumbe mzee ni Myahudi mshika dini, na zile ni sikukuu zake. Nikatafuta mtandaoni, nikapata kile ambacho watu wa fani yetu hukiita maktaba: si ya vitabu, ni kazi ambayo wengine wameshaiandika, wewe unaichomeka tu kwenye programu yako. Hii ilikuwa ya kalenda ya Kiyahudi. Unaipa mwaka, inakutolea sikukuu zote.

Hakuna aliyenikataza. Lakini herufi za Kiebrania zilipotokea kwenye kioo cha kompyuta yangu, hatua tatu kutoka mlango wa bosi, nilikifunika haraka kwa faili. Nikayazima majina yote, zikabaki tarehe, na juu yake nikaandika: Ghala limefungwa.

Kisha nikaijaribu kwa zile oda mbili za zamani. Moja ilikubali, ya pili ikakataa: kalenda ilisema kule jioni ile palikuwa wazi, sikukuu ni kesho yake. Nikarudi nyumbani nimekunja uso. Ilikuwa Alhamisi, jua ndiyo kwanza limetua, mama anatia ubani chetezoni.

"Usiku wa Ijumaa huu, mwanangu. Yasini hujasoma, umekaa umenuna tu."

Nikacheka peke yangu. Siku ya yule mzee nayo huanza magharibi, sawa na ya mama yangu. Nikaongeza mstari mmoja wa kuirudisha kila sikukuu nyuma hadi magharibi ya siku iliyotangulia, hesabu ikakaa sawa.

Miezi ikapita, mizigo ikafika kwa wakati, nami nikajisahau. Nikaweka toleo jipya la ile maktaba, na toleo jipya likayawasha majina upya. Ripoti ya wiki hujituma yenyewe Riyadh. Iliondoka na sikukuu imeandikwa kwa Kiebrania, pembeni ya jina langu.

Simu ikaja kesho yake: nipande ndege asubuhi, nije na kompyuta. Sababu hawakusema. Nilimweleza mama kila kitu, hakulia. Aliniuliza tu kama kanzu yangu nyeupe imepigwa pasi. Ndani ya ndege nilijizoeza utetezi kwa Kiarabu nilichozaliwa nacho, kikanikimbia chote, na msalani nikaenda mara tatu.

Mkuu wa kompyuta wa Riyadh alikuwa mzee wa Kisaudi mwenye ndevu nyeupe. Alifunga mlango, akaisoma programu yangu mstari kwa mstari, akifuatisha kidole. Kidole kikasimama.

"Hapa umerudisha saa nyuma. Kwa nini?"

"Siku yao huanza magharibi, yaa sheikh."

Aliondoa kidole kwenye kioo. "Kama yetu."

"Kama yetu."

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Mama yangu."

Akayafuta yale majina kwa mkono wake, akanisukumia kompyuta. "Vipuri vya hospitali visichelewe. Yalla, rudi Jeddah."

Nilimkuta mama kwenye kiti cha mlangoni, amevaa buibui. Miguuni pake palikuwa na begi moja limefungwa, na juu yake jozi mbili za kandambili, zake na zangu. Nikamwambia yamekwisha, hatuendi popote. Akasema alhamdulillahi, akavua buibui, akaingia jikoni kunipakulia chakula. Nikainama nilirudishe begi kabatini.

"Liache papo hapo," alisema bila kugeuka. "Halili, halinywi."