Jani la Isale Nililompelekea Mwimbaji wa Masama

Mkifika Moshi mkasikia mtu ananiita "Isale", msidhani ni jina la ukoo wetu. Hilo ni jina la aibu, na mpaka leo nikiitwa hivyo masikio yananiwaka moto, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkasimuliwe na wale waliokuwepo (wao huongeza chumvi, eti nililia, jamani sikulia, nililowa tu, mtaona).

Ilikuwa miaka ile ya tisini, redio za watu binafsi ndiyo zinaanza, na sisi tulikuwa na kikundi chetu cha wapenzi wa nyimbo za zamani, zile soul za Marekani na roki za Uingereza walizozicheza wajomba zetu wakiwa na nywele kama vichaka. Kila Jumapili baada ya misa tulikutana kwenye ukumbi wa baa moja pale mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi, mwenyekiti wetu Bwana Nazir, mwenye duka la vitambaa, anakuja na sanduku lake la santuri, anazipangusa moja moja, tunaanza kubishana nani alipiga besi na nani aliitikia nyuma, mpaka bia zinapata joto mezani. Na ubishi wote uliishia kwa mtu mmoja wa hapahapa kwetu: Aloyce, mwimbaji wa Theluji Five, bendi ya vijana wa Moshi iliyopiga hizohizo soul enzi zake. Waliomsikia waliapa kwamba ukifumba macho hujui ni yeye au ni santuri. Kisha siku moja aliacha muziki, akapanda zake Masama, huko mlimani, kulima kahawa, na kila aliyemfuata kumwomba aimbe tena alirudi anakimbizwa na mbwa.

Sasa mimi Prosper, katibu wa kikundi, na mdomo wangu huu, nikasimama nikasema nitamleta aimbe palepale ukumbini. Felix, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi hiyohiyo, alikuwa fundi redio kule mtaa wa Njoro na alishakubali kupiga, kwa hiyo nikaona kazi nusu imeisha. Bwana Nazir naye hana subira, matangazo yakabandikwa mpaka stendi, "ALOYCE ANARUDI", wakati mimi hata njia ya kwa Aloyce sijui (Felix ndiye aliyenielekeza, tena kwa maneno machache, ningeshtuka hapo, sikushtuka).

Shangazi yangu aliponiona nahangaika akaniambia, "Mtu wa namna hiyo huendi kwake mikono mitupu. Chuma isale." Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, na kwetu ukimpelekea mtu jani lake umekwenda kumwomba radhi, na kulikataa ni jambo zito sana. Mimi nikawaza, namwomba radhi kwa usumbufu, si basi? Nikachuma jani, nikalifunga fundo kama nilivyoona wazee wakifunga, nikapanda Masama.

Nilimkuta mzee anachambua kahawa kwenye karai. Mbwa akaja mbio, nikainua jani juu kama askari wa barabarani, nikapiga kelele, "Shikamoo mzee!" Mzee akaliona lile jani. Akamfukuza mbwa. Hata marahaba hakunipa, akauliza polepole, "Umetumwa na Felix?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema hapana, ningerudi na mbwa nyuma kama wenzangu, na matangazo yako stendi! Nikajiambia, si Felix ndiye aliyenielekeza njia? Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Akakaa palepale chini, kwenye maganda ya kahawa, na machozi yakamtoka. "Mama Neema!" akamwita mkewe. "Njoo uone! Felix ameniletea isale!" Yule mama akatoka jikoni, mikono mdomoni. Nikasimuliwa yote huku nimeshikishwa kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na mbege ya Mama Neema inasifiwa kote Masama lakini siku ile sikuijua hata ladha. Mama mzazi wa Aloyce alifariki, na siku wanamzika, Felix alikuwa Arusha anapiga gitaa dansini. "Na wimbo wangu akaimba mtu mwingine," mzee akasema, "tena kavaa koti langu. Kwenye maziko ya mama yangu niliangalia watu wote, Felix simwoni." Miaka yote ile hawakusemeshana. Akalifunga lile jani kwenye leso, akalitia mfukoni. "Mwambie nimepokea. Nitakuja nitaimba."

Nikateremka kutoka Masama. Nilikwenda moja kwa moja Njoro, nikajikaza, nikamuuliza Felix kwa mbali mbali, hivi baba, huwezi kumwomba mwenzio radhi hata kidogo tu? Akaweka chini chuma chake cha kuchomelea nyaya. "Radhi ya nini? Mimi niliambiwa maziko ni kesho yake. Nikapanda na shada langu la maua, akanifukuza mbele ya ukoo mzima kama mwizi. Aje aimbe, nitampigia gitaa, ila asitegemee nimwanze mimi." Mnaona? Lilikuwa neno moja tu, niliambiwa maziko ni kesho yake, hilo ndilo lililotakiwa kupelekwa Masama, na mimi nilikuwa na miguu mizima. Lakini nikipanda kulisema, lazima niseme na la isale. Nikanyamaza. Wiki nzima nikapanga tu kwamba wale wazee wasionane mpaka jukwaani, muziki ukishaanza nani atakumbuka majani?

Siku ikafika. Ukumbi ulifurika mpaka watu wamekalia madirisha, kila mtu kavaa vya enzi zile, na mimi nimevaa bugaluu ya mjomba, ile suruali pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye visigino virefu kama matofali. Felix nilimwingiza mlango wa nyuma. Aloyce alipofika na Mama Neema, kavaa suti ya kahawia, nikamkalisha chumba cha kreti za bia, nikamwambia, "Mzee, wewe shika maiki uimbe moja kwa moja, salamu baadaye." Akanipiga piga begani.

Akapanda. Watu wakapiga vigelegele. Akashika maiki, na badala ya kuimba akatia mkono mfukoni, akatoa leso, akaifungua. Jani lilishakauka.

"Kabla sijaimba," akasema, "Felix alinitumia hili. Nimelipokea. Nimemsamehe mbele yenu wote."

Makofi! Mama mmoja akaanza kulia. Mimi nyuma ya spika nasali sala zote nilizofundishwa kipaimara. Makofi yalipopungua, Felix akasema, na maiki ya pili iko mbele ya mdomo wake, "Nimekutumia nini?"

Wale wazee wawili wakatazamana, halafu wakaita kwa pamoja kama wanaitikia kiitikio, "Prosper!" Nikataka kukimbia, bugaluu ikanasa kwenye waya, stendi ya maiki ikaanguka, spika zikapiga yowe, na mimi nikatokea mbele ya watu kwa magoti.

"Jani hili ni la nani?" Aloyce akauliza.

"La kwangu, mzee."

"Wewe ulikosa kumzika mama yangu?"

"Nilikuwa bado nanyonya, mzee."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, maana mzee alidhani anachekwa yeye. Uso wake niliuona mimi niliyekuwa karibu. Akaniwekea jani mkononi, akashuka jukwaani, akamshika mkewe, wakatoka. Bwana Nazir akaninong'oneza kwa hasira, "Mrudishe! Mrudishe haraka!" Nikatoka mbio na zile raizoni, mguu ukapinda, nikatumbukia kwenye mtaro wa maji machafu mbele ya watu wote wa madirishani.

Nilipokuwa humo mtaroni nikasikia gitaa. Felix alikuwa ameanza ule wimbo wao wa polepole waliofungia madansi, anaupiga peke yake. Aloyce alishafika getini. Akasimama, hakugeuka. Zamu ya mwimbaji ilipofika akaimba, kwa sauti ndogo tu, uso umetazama barabara, ubeti mmoja mzima. Jamani, ile sauti! Wale waliojaa ukumbini hawakusikia hata herufi. Tulisikia Mama Neema na mimi, mimi niko matopeni na jani mkononi.

Alipomaliza nikajikokota mpaka kwake. "Mzee, Felix aliambiwa maziko ni kesho yake. Haki ya Mungu, ameniambia mwenyewe."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raizoni. "Wewe tena?" akasema. "Wewe usiniletee maneno ya Felix." Wakaondoka.

Neno lenyewe lilikuwa la kweli, na mdomo uliolisema ulikuwa wangu. Hilo linaniuma kuliko mtaro, kuliko jina, kuliko kikundi kunivua ukatibu. Nimeapa, siku hizi hata mke wangu akinituma chumvi dukani namtaja, na nisipotumwa nasema sikutumwa.

Kesho yake baada ya onyesho lile nilikwenda Njoro kumwambia Felix kwamba mwenzake aliimba pale getini. Hakuinua kichwa, alikuwa anachomelea waya ndani ya redio ya mtu. "Nani kakutuma uniambie?"

"Hakuna, baba. Nimekuja mwenyewe."

"Basi," akasema, "kule Masama ungejibu hivyo hivyo."