Goti la Namba Tano

Msimu ule nilivaa fulana nyeusi iliyoandikwa DAKTARI mgongoni, kwa herufi ambazo hata mtu wa upande wa pili wa uwanja angezisoma bila miwani. Mimi si daktari. Nilikuwa mama muuza dawa katika kemisti moja Kitengela, upande wa barabara ya Namanga, na nilikuwa na cheti cha huduma ya kwanza nilichokipata baada ya kozi ya wiki mbili. Ligi ilitaka kila klabu ya wanawake iwe na mtu wa matibabu kwenye benchi. Kocha alikuja siku moja kununua bendeji, akakiona cheti ukutani, akanitazama juu hadi chini na kusema, "Wewe unatosha." Hakuniuliza ninajua nini. Nami sikumwambia nisichokijua. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye soka ya kulipwa.

Nitajaribu kumwelezea kocha bila kutia chumvi, ingawa yeye mwenyewe alijitia chumvi ya kutosha. Alivaa filimbi mbili shingoni. Ya pili, alisema, ni ya akiba, na sikumwona akiipuliza hata mara moja. Alijitaja kama anayemtaja jirani: "Kocha hapendi hivyo," "Kocha amechoka na nyinyi." Alidai kwamba zamani alikuwa winga hatari wa timu kubwa, na timu hiyo ilibadilika jina kulingana na nani anasikiliza. Wachezaji aliwaita "wasichana wangu," na wengine kati yao walikuwa akina mama wenye watoto wa shule.

Falsafa yake ilikuwa moja tu: maumivu yako kichwani. Mchezaji aking'oka ukucha, maumivu yako kichwani. Akishikwa na tumbo la mwezi, kichwani. Kisha siku moja nyuki alimuuma sikioni katikati ya mazoezi, naye akakimbilia kwenye gari lake, akaketi humo nusu saa akiwa amefunga vioo na kujikandamizia barafu yangu yote. Hakuna aliyecheka mbele yake. Nyuma yake tulicheka wiki nzima.

Tulianza msimu kwa kushinda, na sababu ya kushinda ilikuwa beki wetu wa kati, namba tano. Alikuwa binti wa Kimaasai kutoka Ewuaso Kedong, mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye miguu iliyokulia nyuma ya mbuzi. Straika alipomjia mbio, yeye hakukimbia. Alisogea hatua mbili kando, na mpira ukaja wenyewe miguuni mwake kana kwamba ulikuwa umeagizwa. Nimetazama mpira mwingi, wa wanaume pia, na bado sijaona mtu aliyekuwa na haraka kidogo kiasi kile. Tukishinda, kocha aliwaambia watu wa redio kwamba ulikuwa mpango wake. Tukishindwa, wasichana hawakuomba vya kutosha.

Namba tano aliumia mazoezini, kwenye uwanja wetu uliokuwa mgumu kama sakafu. Aliruka kupiga kichwa mpira wa kona, akatua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka na mguu ukabaki. Nilikuwa kando ya mstari na nilisikia goti likilia, mlio mfupi, kama kijiti kibichi kinapovunjwa. Nilikimbia na mkoba wangu.

"Imelia," aliniambia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Kocha alikuja polepole. "Inuka, inuka. Hiyo ni kichwani."

"Kocha, huyu anahitaji kupigwa picha hospitalini," nikasema.

"Na wewe unahitaji kubeba maji," akanijibu, na wachezaji wawili watatu wakacheka. Siwalaumu. Walitaka kucheza Jumamosi.

Hata hivyo nilimpeleka hospitalini Kajiado kesho yake. Tabibu aliyemwona alikuwa kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Akasema mfupa uko sawa, ila kano za ndani ya goti anazishuku, na picha ile haiwezi kuzionyesha. Inatakiwa mashine kubwa ya Nairobi. Mpaka hapo asicheze. Aliandika yote hayo kwenye barua, akanikabidhi mimi. "Wewe ndiye daktari wake wa timu?" akauliza. Nikapokea barua.

Kocha aliisoma amesimama. "Mfupa uko sawa?"

"Uko sawa, lakini—"

"Basi uko sawa." Akaikunja barua mara mbili, akaitumia kupangusa vumbi kwenye miwani yake ya jua, akaitia mfukoni. Habari ya mashine ya Nairobi ikaishia mfukoni humo.

Namba tano alipumzishwa wiki tatu. Uvimbe ukashuka, akaweza kukimbia, mradi akimbie moja kwa moja. Akigeuka, goti lilimtoroka. Alinieleza mwenyewe nikiwa namfunga bendeji: "Kuna saa inateleza, Dokta. Kama mlango imetoka kwa hinji." Kwa kozi yangu ya wiki mbili nilijua maana yake. Hata mtu asiye na kozi angejua.

Mechi yetu ya mwisho tulicheza Kajiado. Tukishinda tungemaliza katika tatu bora, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze mwenyekiti wa klabu alikuja kututazama. Alikuja na wageni. Walipigiwa hema jeupe, viti vikavishwa vitambaa vyenye tai mgongoni kama vya harusi, na meza ikawekwa chupa za maji zilizopangwa kama wanajeshi. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo hakujulikana alipo, kwa hiyo timu ya soka ya kulipwa ilivaa jezi nyuma ya basi, wachezaji wakishikiana shuka kwa zamu. Hakuna mgeni aliyeuliza. Mmoja alikuja kutaka kupigwa picha na kapteni, akaambiwa amsubiri avae kaptura.

Beki aliyekuwa akishika nafasi ya namba tano alikuwa na kadi nyingi za njano, hakuruhusiwa kucheza. Kocha akatukusanya, mwenyekiti akiwa amesimama karibu na wageni wake wawili, mikono mgongoni. Kocha akaninyooshea kidole.

"Dokta. Namba tano anaweza ama hawezi?"

Msimu mzima hakuwahi kuniuliza neno lolote la maana. Sasa aliniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya heshima, na mwenyekiti akanigeukia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Namba tano alikuwa ameketi kwenye nyasi, soksi mkononi. Akasema polepole, "Ukisema naweza, mi naweza."

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, na nitaendelea, lakini hakuna niliyemdharau kama mwanamke aliyejibu swali lile. Alijinyoosha ndani ya fulana yake nyeusi. Alijisikia mtu. Akasema, "Anaweza, akifungwa vizuri."

Nilimfunga vizuri. Hilo tu ndilo nililolijua.

Kipindi cha kwanza alicheza kwa akili, akisimama pale ambapo hakulazimika kugeuka. Tulipata bao moja la kona. Kipindi cha pili winga wao, msichana mdogo mwepesi, aligundua. Alimjia akaenda kushoto, akarudi kulia. Namba tano akageuka naye. Goti halikugeuka.

Hakupiga kelele. Alitia kola ya jezi mdomoni akaiuma. Nilipofika, mguu ulikuwa umelala kwa namna ambayo mguu haulali. Nyuma yangu nilimsikia kocha: "Mwinue! Anapoteza wakati!" Kisha, wazo jipya lilipomjia, kwa sababu tulikuwa tunaongoza: "Ama mwache! Mwache hapo kidogo!"

Nami nilifanya nini? Nilitoa chupa ya dawa ya kupuliza, nikapuliza. Nilipuliza goti lililokatika kano, ukungu mweupe ukapaa, na watu jukwaani wakapiga makofi kama wapigavyo daima wakiona ukungu ule. Dawa ile ni baridi tu. Inafaa kwa mtu aliyegongwa ugoko. Nilijua hivyo nikiwa napuliza, na niliendelea kupuliza kwa sababu mwenyekiti alikuwa anatazama.

Aliyesaidia kweli ni mhudumu wa timu pinzani, dada mmoja wa rika la binti yangu. Alivuka uwanja bila kuitwa, akapiga magoti, akaushika mguu kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto mchanga. Akaniangalia.

"Hii goti ilikuwa imeumia kabla ya leo."

Nilianza kufungasha mkoba wangu.

"Nani alimruhusu kucheza?"

Namba tano alitoa kola mdomoni. "Ni mimi nilitaka," akasema.

Tulishinda bao moja kwa sifuri. Filimbi ilipolia, kocha alikimbia uwanjani amenyoosha mikono, akisubiri kubebwa. Hakuna aliyembeba. Wachezaji walikuwa wamemzunguka mwenzao kwenye machela, na kapteni wetu, ambaye ndiye kipa, alikuwa amevua glavu zake na kumwekea chini ya kisigino. Kocha alibaki kati ya uwanja na mikono yake hewani, kisha akajifanya anamshukuru Mungu.

Mama wa namba tano alifika hospitalini siku ya pili kutoka Ewuaso Kedong, mwanamke mwembamba mwenye shuka la bluu, na kibuyu cha maziwa. Nilisimama. Nilimsalimu kwa maneno machache ya Kimaa niliyokuwa nayo, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko." Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kutafuta, "Wewe ndiyo daktari ya timu?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa, nadhani, ninatamani.

Akanishika mkono, akanishukuru. "Ashe oleng. Mtoto anasema wewe ndiyo ulikuwa unafunga yeye mguu kila siku. Ashe." Akanimiminia maziwa ya kwanza, kabla ya binti yake. Niliyanywa yote na kurudisha kikombe.

Mkutano wa kufunga msimu ulifanyika Kitengela, katika ukumbi wa hoteli moja ya nyama. Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu kuhusu maono. Kocha alizungumza kwa muda mrefu zaidi kuhusu kocha. Kapteni ndiye aliyesimama na kuuliza: "Namba tano alichezeshwa aje, na kulikuwa na barua ya hospitali?"

Kocha hakutikisika. "Kocha hafanyi kazi ya daktari. Tulimuuliza daktari. Alituhakikishia mbele ya mwenyekiti. Ama sivyo, Dokta?"

Nilimtazama mtu yule na filimbi zake. Kwa miezi yote nilikuwa nimemkusanyia dharau kama kuni, na sasa, katika sentensi moja, alikuwa amesema jambo la kweli, labda la kwanza msimu mzima, na lilinihusu mimi.

"Ndivyo," nikasema. "Niliulizwa, nikasema anaweza, na nilijua hawezi. Mimi si daktari. Nauza dawa. Barua nilimpa kocha mkononi, akapangusa nayo miwani."

Mwenyekiti akasema masuala ya ndani yatashughulikiwa kwa ndani, akaita nyama. Nyama ikaja. Kapteni aliondoka na wachezaji wanane bila kuigusa. Nilitaka kuondoka nao, lakini sikuwa na uso wa kutembea katikati yao, nikapitia mlango wa jikoni.

Klabu haikunifukuza. Nilirudisha fulana mwenyewe. Kocha nasikia yuko na timu nyingine sasa, ya wanaume vijana, na anawaambia kwamba aliipeleka timu ya wanawake kwenye tatu bora akiwa na kikosi cha majeruhi. Hilo nalo ni kweli, ukilitazama kwa jicho lake. Namba tano alipasuliwa, na kapteni ndiye aliyemsumbua mwenyekiti kila asubuhi kwa simu mpaka bima ikafanya kazi yake. Anatembea vizuri. Hachezi.

Nilikwenda kumtembelea Ewuaso Kedong mwaka jana. Nilimkuta nje ya boma, amevaa jezi ya zamani, akiwafundisha wasichana wawili wa jirani kupiga mpira kwa upande wa ndani wa mguu. Tuliketi juu ya mawe. Alikuwa amenenepa kidogo. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu mbuzi, kuhusu kipa aliyeolewa Rongai. Kisha akasema bila kunitazama:

"Unajua Dokta, saa zingine mi hukasirika. Lakini si na wewe. Si hata na kocha. Hukasirika na mimi. Niko na akili, nilijua goti haiko sawa, na nikaingia. Labda ningekuwa na moyo ngumu kidogo, ingeshika."

Yule mjinga wa filimbi mbili alikuwa amekwenda zake, na maneno yake yalikuwa yamebaki hapa, juu ya jiwe, katika kinywa cha mchezaji bora niliyewahi kumwona.

"Goti halina habari na moyo," nikamwambia. "Kano ilikuwa imekatika. Ungekuwa na moyo wa chuma, goti lingekutoroka vilevile. Uliniachia mimi niamue, na mimi nilikudanganya ili mwenyekiti anione. Usijichukulie hata chembe ya lawama hiyo. Ni yangu."

Mmoja wa wale wasichana alipiga mpira vibaya, ukabingirika kuelekea kwenye miiba, na wote wawili wakasimama wakimngoja mwalimu wao aseme.

"Nilikudanganya," alirudia, akiyageuza maneno taratibu mdomoni mwake. "Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Akainuka kwa kuegemea mguu ule mzima, akaenda kuutoa mpira kwenye miiba.