Filamu ya Kimalayalam Sebuleni Kwetu

Juzi, kwenye treni ya kwenda Norsborg, huku ughaibuni, abiria mmoja alikuwa akitazama filamu ya Kimalayalam, lugha ya Wahindi wa kusini, kwenye simu: mzee amekufa, wanawe wanagombania nyumba. Nikakumbuka sebule yetu ya utotoni, mtaani Vårby gård, harufu ya maharage jikoni, na mama akilia mbele ya filamu kama ile. Lugha hatukuijua, ila ugomvi wa ndugu hauhitaji mkalimani. Nilidhani anamlilia yule mzee.

“Mama, tuizime, nitaosha vyombo.”

Akaendelea kutazama. Nikapandisha dau: “Wiki nzima!”

“Acha, mwanangu. Hawa wanagombana, lakini wote wamefika kumzika baba yao.”

Babu, baba yake mama, alikuwa akizikwa Bujumbura mchana ule, nasi hatukuwa na karatasi za kusafiria. Hayo niliyajua ukubwani. Siku ile niliongeza ahadi ya kudeki, naye akazidi kulia.