Mtani Wangu na Rungu la Serikali

Kabla sijawa polisi hasa, nilikuwa polisi wa akiba, yaani nusu polisi. Siku za kazi nilisukuma majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine ya kuchuna nyuzi, katika shamba moja nje ya Korogwe. Jumamosi nilivaa kaptura ya kaki, nikapiga gwaride na wenzangu wachache. Wakituhitaji wanatuita. Wasipotuhitaji tunarudi kunuka mkonge kama watu wengine.

Nilidhani kaki itaniongezea marafiki. Thubutu! Nikiingia kilabuni mazungumzo yanakatika. Nikipita sokoni Korogwe ya zamani, karibu na mto, akina mama walioniita mwanangu wananiamkia wao kwanza. Nilikuwa na hasira nao, na hasira ile ilikuwa upweke mtupu.

Aliyebaki ni mmoja, Mnyamwezi tuliyesukuma naye majani kwenye korona. Mimi Mzigua wa Misima, kwa hiyo yeye ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Alinitukana asubuhi, nikamtukana mchana, jioni tukala sahani moja. Alizoea kusema babu zangu walijiuza kwa pishi ya mahindi wakati wa njaa, na kwamba mimi nilibaki kwa kuwa nilikosa mnunuzi. Siku asiponitukana nilimuuliza kama anaumwa.

Kisha wakata mkonge wakagoma, na watu wa korona wakaungana nao. Tukaitwa polisi wa akiba, tukapangwa mstari mbele yao, marungu mkononi, na inspekta Mzungu nyuma yetu. Jua lilikuwa limesimama utosini. Mtani wangu alikuwa mstari wa mbele kabisa. Akaniangalia juu mpaka chini, akapaza sauti:

"Wewe Mzigua! Hilo rungu wamekupa upigie watu au utwangie mahindi ya mkeo?"

Kundi lote likacheka. Mtani akikuchokoza mbele za watu, ukinyamaza umemkana. Nikamjibu kama nilivyolelewa kujibu: "Nyamaza, mtumwa wangu! Leo nakuzika mimi, na sanda sikupi!"

Wagomaji walizidi kucheka, na hata polisi wenzangu walicheka. Lakini inspekta alijua Kiswahili cha kutosha kuelewa maneno, si cha kutosha kuelewa watu. Aliona mchochezi mmoja na askari aliyekasirika. Akaamuru mtu yule akamatwe, nami nimpeleke mahabusu.

Nikasema, "Bwana, huyu ni mtani wangu, tunataniana tu."

Akajibu, "Mwenye rungu hana mtani."

Nikampeleka. Ningefanya nini? Njiani nilijaribu kumtania, nikamwambia huko mahabusu kunguni wanawapenda Wanyamwezi. Alitembea mbele yangu mikono nyuma, na mlangoni akasema, "Asante, afande." Sijawahi kutukanwa vile.

Alipotoka alirudi kazini. Tulisukuma majani pamoja kama zamani, akanisalimia vizuri, akanipisha njia. Nilimtukana kwa kila tusi nililolijua, na kila mara alinijibu, "Sawa, afande." Nikaacha.

Hata mwaka haukuisha mama yangu akafa. Nilikwenda Misima nimevaa kanzu, kaki nikaiacha Korogwe. Na Mnyamwezi wangu naye alikuja, kwa miguu yake na kwa lori la watu, maana kwetu maiti haizikwi bila watani, na mtani akipata habari haji kwa kualikwa. Nilipomwona moyo ulifurahi, msiba na yote. Nikasema yamekwisha, leo atanirudia.

Na kweli alifanya kazi yake. Alimwibia shangazi kuku, akamwigiza marehemu alivyokuwa akigombana na mbuzi, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Makaburini akaruka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema chumba hiki ni chake, bibi akatafute kwingine. Kaka yangu akambembeleza, akakataa. Basi ikawa zamu yangu, mtoto wa marehemu, nimwombe. Nikasogea ukingoni, nikainama, nikamwambia, "Toka humo, mtumwa wangu, usimchafulie mama kitanda."

Akanyanyuka mara moja. Akajipangusa udongo, akapanda juu, akasimama wima mbele yangu.

"Tayari, afande. Mzikeni."

Hakuna aliyecheka. Tukamzika mama. Nililia, na watu walidhani nalia kwa ajili yake tu.

Tuliporudi nyumbani, watani wakaanza kunyakua vitu, kama desturi. Kaka akapoteza kofia, mjomba fimbo yake, na wote wakawa wanalalamika kwa kicheko. Mimi nilikuwa na viatu vipya vya ngozi, na hakuna aliyekuwa na viatu kama vile pale. Nikavivua nje, katikati ya njia, mahali ambapo hata kipofu angevikwaa, nikaingia ndani nikaketi, nikasubiri.

Jua liliposhuka nilitoka. Viatu vilikuwepo. Mtu alikuwa amevisogeza kando ya ukuta, akavipanga vizuri, akavifuta vumbi.

Nikavivaa. Niliporudi Korogwe nilikwenda kwa inspekta, nikamwomba aniandikishe polisi wa moja kwa moja.