Vyuo Viwili vya Meno na Kichwa cha Baba Mkubwa

Umma wa kijiji cha Vatuloa, wilaya ya Tailevu, pamoja na watoto wake walioko Suva, Nadi na kwenye mashamba ya matunda kule Australia, unatangaziwa kwa taadhima yote kwamba Kelera binti Jope amepata nafasi katika vyuo viwili vya udaktari wa meno: kimoja hapa Suva, mji mkuu wa visiwa vyetu, mwendo wa basi moja na usingizi mfupi, kingine Dunedin, kule mwisho wa Nyuzilandi ambako inasemekana hata kondoo hulalamikia baridi. Na kwa kuwa jambo lenyewe linahusu midomo, kila mwenye mdomo ana haki ya kulisemea.

Tangazo hilo halikubandikwa popote. Lilimtoka baba yake mlangoni mwa kanisa, siku ya Jumapili, kabla mchungaji hajamaliza kuwapa waumini mkono. Haki iliyotajwa ilianza kutumika papo hapo.

Kelera mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, anamtazama mchungaji akipiga miayo. Gego la juu, upande wa kulia, lilikuwa na rangi ya chai. Kwa nini hilo tu na si jirani yake?

Ndivyo alivyozaliwa. Wenzake walipokuwa wakikusanya vifuniko vya chupa, yeye alikusanya meno. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la biskuti lenye meno ya papa, ya nguruwe, ya ng'ombe, na moja la farasi alilolipata kwa kubadilishana na viatu vyake vya kanisani, jambo lililomletea viboko viwili vya mama na furaha isiyo na mfano. Shule ya Jumapili ilipofika kwenye kisa cha Samsoni kuwapiga Wafilisti kwa taya la punda, watoto wengine waliuliza kama Wafilisti waliumia. Kelera aliuliza kama taya lilikuwa bado na meno, na kama ndiyo, yalibaki mangapi baada ya vita. Mchungaji aliahidi kwenda kutazama. Hadi leo anatazama.

"Aende mbali!" Jope alisema, akiwa ameshika kiuno kama mtu aliyepanda mlima. "Wale wa ng'ambo ya mto wana kijana anacheza raga Ufaransa. Kila harusi wanatukalisha chini kwa ajili yake. Sisi tuseme nini? Kwamba wetu yuko Suva? Suva hata mbuzi wetu wamefika."

"Wamefika, lakini hawakurudi," alijibu kaka yake, Sakiusa.

Huyu Sakiusa ndiye mkuu wa ukoo, na Kelera humwita Baba Mkubwa. Akisimama, wengine hukaa, na akikaa, wengine hutafuta mahali pa chini zaidi pa kukaa.

"Mtoto abaki na watu wake," aliendelea Baba Mkubwa. "Ijumaa anapanda basi. Jumamosi anatutazama meno. Jumapili tunaimba naye. Akienda huko baridini atatibu meno ya watu tusiowajua hata majina. Haya ya Vatuloa atamwachia nani?"

Akina mama waliguna kwa kukubali, na kila aliyeguna alishika shavu lake. Vatuloa ni kijiji cha chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko.

Vyuo vyote viwili vilitaka jibu kufikia Jumatatu ya wiki iliyofuata, na ajabu ni kwamba Kelera hakuwa na jibu. Hakuwa na haja ya kumzima mtu harusini, wala hakuota theluji. Alitaka kitu kimoja tu maishani: kuchungulia midomo, midomo mingi, kwa utulivu, bila mtu kumwuliza anatafuta nini humo. Swali lilikuwa wapi atakipata. Na kwa kuwa maswali yake hayakuwahi kujibiwa na wakubwa, akaamua kufanya jaribio. Kesho yake, Jumatatu asubuhi, akatoka barazani na tochi na kijiko cha chai.

Wa kwanza alikuwa bibi yake, Bibi Titilia, aliyeombwa afungue mdomo. Akang'oa meno ya bandia, akamkabidhi. "Chukua, mjukuu wangu. Ukimaliza niwekee mezani." Akaenda zake kupika magimbi.

Wa pili alikuwa kaka yake, Watisoni. Hapo pana kizuizi. Vatuloa, ndugu wa kiume na wa kike wakishabalehe hawasemezani; ni heshima. Watisoni alikaa mbali, akamtazama paka.

"Mama," alisema, "mwambie mwenye tochi kwamba la chini linauma nikinywa maji baridi."

"Mama, mwambie mwenye la chini afungue mdomo."

"Mama, mwambie mwenye tochi akae palepale alipo."

"Mimi ninapika," alisema mama yao kutoka ndani. "Elezaneni kwa paka."

Wa tatu alikuwa Siteri, binti wa shangazi yake, yaani binamu na mtani. Huyu alifungua mdomo vizuri, akasubiri kidole kiingie, akauma.

"Mshenzi!" Kelera alipiga kelele.

"Nakuzoesha, daktari. Ng'ombe nao wana meno, watu wakikosekana utawatibu hao."

Akabaki Baba Mkubwa. Kelera akamfuata chini ya kibanda cha mashua, akapiga magoti.

"Baba Mkubwa, naomba ufungue kidogo nikuone."

"Unione nini?"

"Meno."

"Meno yako wapi?"

"Mdomoni."

"Na mdomo uko wapi?"

Kelera akaizima tochi.

"Sema, mwanangu. Mdomo uko wapi?"

"Kichwani."

"Basi."

Hapo mjadala ulikuwa umekwisha. Vatuloa kichwa cha mtu hakishikwi hovyo. Ukipita nyuma ya waliokaa unainama na kusema "tulou", yaani niwieni radhi. Ukitaka kushusha sufuria iliyo juu ya utosi wa mtu unaomba ruhusa kwanza, na ukishaishusha unapiga makofi ya heshima. Hivyo ni kwa kichwa cha kawaida. Cha mkuu wa ukoo hakiguswi na mtu wa ukoo hata kwa kitana. Sakiusa hunyolewa mjini na mtu asiyemfahamu.

"Lakini Bwana Prakash, daktari wa meno wa Korovou, anakishika," Kelera alisema. "Nimemwona. Anakuegemea na kiwiko kabisa."

"Prakash si wa ukoo. Kwake mimi ni mgonjwa. Kwako mimi ni nani?"

"Baba Mkubwa."

"Umesema."

"Sasa nikisoma Suva, nikaja kila Ijumaa, nitamtibu nani?"

"Wengine."

"Wengine akina nani? Hapa wote ni ndugu."

"Mtoto huyu anachosha," Baba Mkubwa aliiambia mashua.

Ijumaa usiku mkuu wa ukoo alikula samaki wa tui. Jumamosi asubuhi shavu lake lilikuwa limeamka kabla yake, limejaa kama shelisheli. Simu ikapigwa Korovou. Bwana Prakash alikuwa Labasa, harusini kwa mpwa wake, na angerudi Jumanne.

"Kaka," Jope alisema kwa upole wa kinafiki, "si unaye daktari wako wa karibu na nyumbani?"

Sakiusa alimtupia kiatu. Lakini hata kutupa kiatu kuliuma. Mwishowe alinong'ona kwamba kama ni lazima, basi kichwa kiombwe kwa taratibu zake.

Kikaombwa. Mikeka ilitandikwa. Mizizi ya yangona, kinywaji cha heshima, ilitwangwa, ikakamuliwa kwenye bakuli kubwa. Jope, akiwa mdogo mtu, ndiye aliyepaswa kuomba, na alitumia nafasi hiyo kumtaja kila babu aliyewahi kuwa na kichwa. Makofi yakapigwa. Kifuu kikazunguka. Kisha desturi ikadai mwenye kichwa ajibu hotuba kwa kinywa chake, wala hakuna mwingine awezaye kumjibia. Sakiusa akajibu. Alichosema hakikueleweka hata neno moja, na wazee walikubaliana kwamba ilikuwa hotuba yake bora kabisa. Kifuu kikazunguka tena.

Hapo likazuka suala jipya. Daktari husimama na mgonjwa hukaa. Je, kichwa cha binti kitakuwa juu ya kichwa cha mkuu? Haiwezekani! Wakabishana, wakanywa, wakabishana. Mwishowe Baba Mkubwa alipandishwa kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza, akainamishwa kama mtu anayetafuta kitu kisimani, na Kelera akapiga magoti chini yake na tochi.

"Tulou," alisema, na akaweka mkono kwenye taya.

Kelele zote zikamtoka masikioni. Magego ya kushoto yalikuwa yamelika yakawa tambarare, ya kulia bado yana vilima vyake. Kumbe mzee miaka yote hutafuna upande mmoja! Kwa nini? Alianza lini? Jino lililozibwa na Prakash liling'aa nyuma kama jicho la samaki. Na pale kando yake, kwenye ufizi mwekundu, kitu cheupe chembamba kilikuwa kimesimama wima.

"Siteri, nipe kibano chako cha nyusi. Kichemshe kwanza."

Alivuta mara moja. Baba Mkubwa alitoa sauti ambayo mkuu wa ukoo hapaswi kuitoa, kisha akatulia.

"Umemaliza?" aliuliza kwa mdomo wazi.

"Bado," alisema Kelera, aliyekuwa amemaliza, akaendelea kutazama.

Aliposhushwa mezani, mzee alilishika shavu lake, akalitikisa, akalengwalengwa na machozi. Akaomba watu wanyamaze.

"Kichwa hiki," alisema, "tangu kufa kwa mama yangu hakijashikwa na mkono wa damu yangu. Leo kimeshikwa, na mbingu haikuanguka. Kuanzia leo ni ruhusa. Binti huyu ameijua njia, na atawaonyesha wengine. Suva waambiwe anakuja!"

Makofi yakalipuka. Bibi Titilia alilia. Hata Watisoni alimwambia paka hongera. Jope aliinamisha uso, akiwafikiria wale wa ng'ambo ya mto.

"Haya, mwanangu, jibu," alisema Baba Mkubwa. "Waambie mwenyewe."

Kelera alikuwa anafuta kibano kwa pindo la sulu, kikoi chake cha kiunoni.

"Naenda Dunedin."

Kifuu kilisimama mkononi mwa mtu.

"Baada ya haya yote? Kwa nini?"

"Tumeanza wakati wa chai ya asubuhi, Baba Mkubwa, na sasa jua linazama," alisema. "Na huu ulikuwa mwiba mmoja."