Pombe ya Mgeni wa Toronto

Pombe ya ndizi haina subira. Ukishafukia ndizi shimoni ziive, umeanza hesabu, na siku yake ikifika lazima inywewe, la sivyo inachacha. Kwetu Bugarama, mgeni wa mbali hutengenezewa pombe, na kibuyu cha kwanza hakiguswi na mtu mpaka yeye aonje. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia anakuja, niliuliza jambo moja tu: utafika siku gani?

Akacheka. "Toronto hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili, mama, lakini kwa ndege ni kama siku moja tu. Dar hadi Mwanza hata saa mbili hazifiki. Jumamosi niko kwako."

Miaka saba nilikuwa sijamwona. Nilizikamua zile ndizi kwa nyasi peke yangu, mgongo ukiniuma, maana aliyekuwa akinisaidia kukamua ni yeye. Nikatia mtama, nikafunika mtumbwi wa pombe, lile gogo lililochongwa, kwa majani ya mgomba. Nilifurahi mpaka nikawa naongea peke yangu, ingawa hilo nalifanya hata nisipofurahi.

Ijumaa jioni simu ikalia. "Mama, nimefika nyumbani."

Nilitoka mbio hadi barabarani, kandambili mguu mmoja. Barabara ilikuwa tupu. Alikuwa Dar.

Kumbe alikuwa na siku moja tu kabla ya mkutano wa kazi, na tiketi ya kurudi ilishakatwa. Sasa ndiyo amegundua kwamba kutoka Mwanza bado kuna basi la kutwa nzima. Hesabu yake yote ilikuwa ya uwanja hadi uwanja. Mtoto aliyezaliwa huku, aliyetapika dirishani njia nzima ya Biharamulo, amesahau barabara!

"Si ungeshukia Kigali," nikamwambia. "Ni hapo tu ng'ambo ya mpaka. Ungetua asubuhi, jioni unakula kwangu."

"Sikufikiria, mama."

Nilikasirika, lakini mtu aliye mbali hagombezwi kwa simu. Akikata utabaki na nani?

"Lakini niko karibu sasa," akasema. "Simu inaonyesha kama kilomita elfu moja tu."

"Pole na safari, mwanangu," nikasema.

Jumamosi majirani walikuja na vikombe vyao, wamevaa nguo za kanisani.

"Shikamoo, mama. Mgeni yuko wapi?"

"Marahaba. Amelala. Ndege imemchosha."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nikachota kibuyu cha kwanza, nikaingia nacho chumbani, nikafunga mlango. Niliketi kwenye kitanda nilichomtandikia, nikaonja mimi, ili wao wapate kunywa. Pombe ilikuwa nzuri.

Nje walikuwa wakinong'ona, wasije wakamwamsha.