Jibini Langu la Mgomba

Msinicheke kabla sijamaliza. Hadi leo nikifika kijijini kwetu Burungu kuna mama jirani anayenisalimia kwa kuniuliza kama alete mkate, na ninastahili, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe, wala siongezi chumvi (chumvi yenyewe inakuja).

Nilikuwa nasoma kemia. Kwa miezi mitatu nilichemsha nyuzi za mgomba, nikazisafisha, nikazipitisha kwenye asidi ya maabara ya shule, nikabaki na ute mweupe. Humo mna vijiti vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyojipanga vyenyewe majini, tabaka juu ya tabaka, kila moja imejipinda kidogo (ndizo fuwele za kimiminika), na ute huo ukikauka polepole bila kuguswa unakuwa utando unaong'aa rangi, ingawa hukutia rangi hata tone. Profesa mmoja alikuwa anakuja Mweso, shuleni kwetu, kuchagua mwanafunzi mmoja tu wa kufanya naye kazi mjini. Nilitaka niwe mimi, basi.

Sasa, kwetu mahali penye ubaridi uliotulia ni mahali pamoja tu, chumba cha mama cha jibini, au fromaje kama anavyoliita. Nikaweka sahani yangu kwenye ubao wake.

"Iko nini hii?" akauliza.

Ningemweleza. Lakini nilikuwa nimechoka, tena (niseme ukweli) nilijiona msomi, nikamjibu, "Iko fromaje ya masomo, mama. Ya mugomba."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwa mama, jibini likiwa ubaoni linatiwa chumvi kila asubuhi, na likiwa jipya majirani lazima walijue, kwa hiyo siku nilipofunua sahani mbele ya profesa, ukumbi umejaa, nimeshatangaza kwamba wataona nyekundu na kijani, ndani mlikuwa na kitu cheupe kama ugali uliolala, na mstari wa mbele walikaa mama na majirani watano, na mikate, na kisu.

"Kata basi, batu banangoja!" mama akasema.

Profesa aligusa kwa kidole, akalamba. "Iko na chumvi," akasema.

"Fromaje bila chumvi inaoza, Papa Profesa," mama akamjibu, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Machozi yalinilenga, maana chumvi ilikuwa imevuruga tabaka zangu zote, lakini nilikuwa nimebakiza ute kidogo kwenye chupa. Nikamuuliza profesa anaondoka lini. Baada ya siku tano, akasema. Nikamwambia arudi siku ya tano.

Nyumbani nikamweleza mama yote, vijiti, tabaka, mwanga. Kisha akasema, "Uliona mimi sitaelewa?"

Hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

Nikamimina ute uliobaki kwenye sahani, na siku zote zile mama alilinda mlango wa chumba cha jibini, akifukuza kuku na majirani bila kubagua. Siku ya tano utando ulikuwa wa kijani, na ukiuinamisha unageuka bluu kama shingo ya njiwa. Profesa aliuinamisha mara nyingi, akaniuliza nani aliukausha vizuri hivyo. Nikasema, mama.

Nilichaguliwa. Wenzangu mjini wananiita Mama Fromaje, naitika. Ila nimeapa, kazi yoyote nitakayoanza, wa kwanza kuelezwa ni mama, bila haraka. Juzi nilimpigia simu nikamwambia sasa tunapima jinsi chumvi kidogo sana inavyovuta rangi kuelekea bluu.

"Unaona," akasema. "Njo vile nilikuwaka nakuambia."